Hema la Mlimani Halali, Hema la Mjini Haramu

Kila Ijumaa jioni wakati wa kiangazi, msururu mrefu wa magari hutoka katika jiji la Denver, makao makuu ya jimbo la Colorado nchini Marekani, na kuelekea magharibi kwenye Milima ya Rocky. Magari hayo yamesheheni mahema, mifuko ya kulalia, majiko ya gesi na viti vya kukunja. Katika viti vya nyuma, pua zikiwa madirishani, wameketi mbwa. Wenye magari ni watu wa kazi na mishahara, nao wanakwenda kulala chini ya turubai usiku mmoja au miwili, pamoja na mbwa wao, kwa ajili ya kujiburudisha. Jumapili jioni watarejea mjini kwenye nyumba zenye milango, vitasa na maji ya moto.

Usiku huo huo, katika jiji hilo hilo, wako watu wengine ambao nao wana mahema, nao wana mifuko ya kulalia, nao wana mbwa. Hao hawaendi mlimani. Wanatafuta ukuta wa kuwakinga na upepo, mahali ambapo huenda polisi hawatapita kabla ya mapambazuko. Hema la wale wa kwanza huitwa mapumziko. Hema la hawa wa pili huitwa kosa. Turubai ni lile lile, mbwa ni yule yule, baridi ni ile ile. Kinachotofautiana ni mfuko wa mwenye hema.

Jambo hili linastahili kuelezwa waziwazi, bila kumung'unya maneno, kwa sababu limefichwa nyuma ya picha nzuri za vilele vya theluji na mbwa wenye afya. Atakayeutazama utaratibu wa kambi za mlimani na utaratibu wa mjini kwa pamoja atagundua kwamba taifa hilo linajua vizuri sana namna ya kumpa mtu mwenye hema na mbwa mahali pa kulala. Linajua, linaweza, na limekwisha kufanya. Halitaki tu kumfanyia kila mtu.

MLIMANI MBWA ANA NAFASI YAKE

Denver ni jiji la watu zaidi ya 700,000, lililojengwa ukingoni mwa nyanda, kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Milima inaonekana kutoka mitaani, na mwendo wa saa moja kwa gari humfikisha mtu kwenye misonobari. Zaidi ya theluthi moja ya ardhi ya Colorado imo mikononi mwa serikali ya shirikisho, yaani, kwa nadharia, ni mali ya wananchi wote. Juu ya ardhi hiyo, na juu ya hifadhi za jimbo, umejengwa utaratibu wa kambi ambao kwa haki hauna budi kusifiwa.

Kiasi cha kilomita 50 tu kutoka katikati ya jiji ipo hifadhi ya jimbo iitwayo Golden Gate Canyon, iliyoanzishwa mwaka 1960, yenye viwanja zaidi ya 100 vya kupigia kambi. Mbwa anakaribishwa, mradi awe kwenye kamba isiyozidi futi 6. Mbele zaidi iko Misitu ya Taifa ya Arapaho, Roosevelt na Pike. Humo mbwa anaweza kufuatana na bwana wake katika njia nyingi za miguu, na mahali pengi nje ya kambi rasmi mtu anaweza kusimamisha hema lake bila kulipa hata senti moja. Huruhusiwa kukaa hadi siku 14, kisha hana budi kuhama.

Iko pia Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rocky, kilomita 110 hivi kutoka Denver, iliyoundwa mwaka 1915 na ambayo sasa hupokea wageni zaidi ya milioni 4 kwa mwaka. Hapo sheria ni kali zaidi. Mbwa anaruhusiwa mahali gari linapoweza kufika: barabarani, kwenye maegesho, kwenye viwanja vya kambi na vya chakula. Haruhusiwi kukanyaga njia za miguu, wala mbuga za majani, wala nyanda za juu zisizoota miti. Haruhusiwi kufungwa na kuachwa peke yake.

Wapenzi wa mbwa hunung'unika juu ya makatazo hayo. Lakini makatazo yana sababu. Katika milima hiyo yuko mnyama wa jamii ya kulungu mwenye kimo cha farasi, ambaye serikali ya jimbo ilianza kumleta kwa wingi mwaka 1978. Mnyama huyo akimwona mbwa humdhania mbwa mwitu, adui yake wa asili. Humshambulia, na mbwa akikimbilia kwa bwana wake, huwa amemletea bwana huyo balaa lenye pembe. Wako dubu pia, ambao harufu ya chakula cha mbwa huwavuta kama harufu ya chakula cha binadamu. Ndiyo maana mwenye kambi huamriwa kukifungia chakula hicho ndani ya gari au ndani ya sanduku la chuma. Mimea ya nyanda za juu huota polepole mno, na mahali palipokanyagwa huchukua miaka mingi kupona.

Yafaa msomaji azingatie sana umbo la sheria hiyo ya mlimani, kwa maana ndilo msingi wa hoja nzima. Sheria ya mlimani humwambia mtu: hapa hapana, bali pale ruhusa. Katika hifadhi ya taifa mbwa hatembei njiani, bali katika msitu wa jirani anatembea. Usitupe taka chini, bali pipa la chuma asiloweza kulifungua dubu ni hili hapa. Usijisaidie popote, bali choo kile pale. Kila katazo limefuatana na nafasi. Hiyo ndiyo sheria yenye akili, maana imemfikiria yule atakayeitii.

MJINI BLANKETI NI KOSA

Sasa na itazamwe sheria ya mjini. Mwezi Mei 2012 Halmashauri ya Jiji la Denver ilipitisha, kwa kura 9 dhidi ya 4, sheria ya kukataza kupiga kambi bila idhini. Katazo hilo ni la jiji zima: mahali pa umma pote, na mahali pa mtu binafsi bila ruhusa ya mwenyewe. Tena sheria haikuishia kwenye hema. Ilitaja turubai, mfuko wa kulalia, matandiko na blanketi, na ikaongeza kila kitu cha kumkinga mtu na hali ya hewa isipokuwa nguo zake.

Hebu msomaji ayapime maneno hayo. Mtu aliyelala juu ya saruji usiku wa Januari, maji yakiganda ndani ya chupa, anaruhusiwa na sheria kuvaa koti lake. Akijifunika blanketi, amepiga kambi. Ni kweli kwamba polisi hutakiwa kumwonya kwanza kabla ya kumwandikia kosa, na kuuliza kama anahitaji msaada. Lakini onyo bila mahali pa kwenda ni amri ya kuhama tu. Mtu hubeba mzigo wake, humvuta mbwa wake, huvuka mitaa mitatu, na hapo huonywa tena. Huko mlimani mtu huhamishwa baada ya siku 14. Huku mjini huhamishwa hata kabla usingizi haujamchukua.

Wako raia wa Denver walioiona dhuluma hiyo. Mwezi Mei 2019 pendekezo la kuiondoa lilipelekwa kwa wapiga kura, na zaidi ya asilimia 80 wakalikataa. Mwezi Desemba mwaka huo huo hakimu mmoja wa jiji aliamua kwamba sheria hiyo ni adhabu ya kikatili inayokatazwa na Katiba. Mwaka 2020 uamuzi wake ukatenguliwa na mahakama iliyo juu yake. Hatimaye, tarehe 28 Juni 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mji mdogo wa Grants Pass katika jimbo la Oregon, ambao ulikuwa ukiwatoza faini ya dola 295 watu waliolala nje wakijikinga kwa blanketi, mto au sanduku la karatasi ngumu. Majaji 6 dhidi ya 3 walisema kwamba adhabu hizo hazivunji Katiba.

Katika uamuzi huo wa walio wengi imo hoja moja ambayo haipaswi kupita bila kujibiwa. Walieleza kwamba sheria haimbagui mtu, kwani haijali kama mshitakiwa hana makazi, au ni msafiri wa mapumziko anayepita mjini na mzigo wake mgongoni, au ni mwanafunzi aliyeacha bweni lake ili apige kambi ya kuandamana.

Hoja hiyo ina sura ya usawa, lakini ndani yake ni tupu. Msafiri wa mapumziko akikatazwa kulala mjini hurudi garini, akaendesha saa moja, akafika Golden Gate Canyon, ambako yeye na mbwa wake wana kiwanja kilichoandaliwa. Mwanafunzi hurudi bwenini. Asiye na makazi hana gari la kumfikisha mlimani wala bweni la kumpokea, na hata angefika msituni, kanuni za msitu humkataza kuufanya makazi. Sheria inayowakataza watu watatu jambo moja, huku wawili kati yao wakiwa na pengine pa kwenda, haikuwakataza watatu. Imemkataza mmoja. Wahenga walikwisha kusema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

MWENZI, MNYAMA NA MZIGO

Watetezi wa sheria hiyo wanayo hoja nyingine ambayo ni ya maana zaidi. Wanasema mahali papo: jiji lina mabweni ya wasio na makazi, na vitanda vingine hubaki vitupu. Kwa nini mtu akatae kitanda na kuchagua saruji?

Wanaoifanya kazi hiyo nchini Marekani wamekwisha kulijibu swali hilo siku nyingi. Wanataja vikwazo vitatu vinavyomzuia mtu mlangoni: mwenzi, mnyama na mzigo. Mabweni mengi hutenganisha wanaume na wanawake, kwa hiyo mume huambiwa huku na mke huambiwa kule. Mzigo hupunguzwa hadi mfuko mmoja. Na mbwa, katika mabweni mengi, hubaki nje. Mtu huyo hajaambiwa achague kati ya kitanda na saruji. Ameambiwa achague kati ya kitanda na kiumbe pekee ambacho hakikumwacha.

Kwa msomaji wa pwani, ambako mbwa ni mlinzi wa uani na hapiti kizingiti, habari za mtu kukataa kitanda kwa ajili ya mbwa zaweza kuonekana upuuzi. Asifanye haraka ya kucheka. Mtu aliyepoteza kazi, kisha nyumba, kisha jamaa, hulala usiku akiwa hajui ni nani atakayemwibia viatu. Mbwa humwamsha. Mbwa humpa joto. Mbwa humlazimisha kuamka asubuhi na kutafuta chakula, hata siku ambayo kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe asingeamka. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na haikusemwa kwamba rafiki huyo lazima awe na miguu miwili.

Unafiki wenyewe unadhihirika hapo. Mapenzi ya mtu kwa mbwa wake, yanapoonekana kwenye kambi ya mlimani, huandaliwa viwanja, hutungiwa kanuni na husifiwa kuwa ni utu. Mapenzi hayo hayo, yanapoonekana kwenye mlango wa bweni, huitwa ukaidi. Mwenye mshahara asingekubali kamwe kwenda mlimani na kumwacha mbwa wake barabarani, na hakuna anayemlaumu. Maskini akikataa jambo hilo hilo huambiwa kwamba hataki kusaidiwa.

WALIOPIGA KAMBI KWANZA

Ubishi juu ya nani ana haki ya kusimamisha hema mahali hapo una umri mkubwa kuliko jiji lenyewe. Pale ambapo kijito cha Cherry kinakutana na mto South Platte, mahali palipozaliwa Denver, Waarapaho walikuwa wakipiga kambi zao. Nyumba zao zilikuwa mahema ya ngozi. Mbwa wao walikuwa watumishi wa safari, na kabla farasi hawajafika katika nyanda zile, mbwa ndio waliovuta mizigo juu ya miti miwili iliyofungwa mabegani. Watu wa kwanza kupiga kambi na mbwa karibu na milima hiyo hawakuwa watalii.

Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1851 uliitambua ardhi hiyo kuwa ya Wacheyenne na Waarapaho. Mwaka 1858 dhahabu ikaonekana, na mji ukaanzishwa bila kungoja idhini ya mkataba wowote. Mwezi Agosti 1864 gavana John Evans alitoa tangazo la kuwaruhusu raia kuwaua wenyeji waliohesabiwa kuwa maadui. Tarehe 29 Novemba mwaka huo askari wa Kanali John Chivington waliivamia kambi ya Sand Creek, ambako bendera ya Marekani na kitambaa cheupe vilikuwa vikipepea. Waliua watu zaidi ya 230, wengi wao wanawake, watoto na wazee.

Kwa miaka mingi mlima mkubwa unaoonekana kutoka Denver uliitwa kwa jina la gavana huyo. Tangazo lake lilifutwa rasmi mwaka 2021, na jina la mlima likabadilishwa mwaka 2023 kuwa Mount Blue Sky. Leo magari ya Ijumaa hupita chini ya mlima huo, na mbwa huupanda wakiwa kwenye kamba. Kubadilisha jina ni jambo jema. Lakini jina la mlima halimfuniki mtu anayetetemeka kwa baridi, na jiji ambalo limejifunza kuyaonea haya mahema yaliyochomwa mwaka 1864 lingefaa kuyatazama mahema linayoyabomoa katika zama zake.

UCHAFU SI WA MASKINI

Itasemwa kwamba kambi za mjini ni chafu, zina moto wa hatari, zinaziba njia ya wapita njia, na wenye maduka nao wana haki. Hayo ni kweli, na hakuna faida ya kuyakana. Mtoto anayekwenda shule anastahili njia safi, na mwenye kiti cha magurudumu anastahili njia iliyo wazi.

Lakini kambi ya mlimani ingekuwa safi kiasi gani kama isingekuwa na choo, bomba wala pipa? Watu wale wale wenye mishahara, wakiachwa siku tatu bila vitu hivyo, wangeugeuza msitu kuwa jalala. Usafi wa mlimani hautokani na ubora wa watu. Unatokana na fedha za umma zilizowekwa pale. Uchafu wa mjini nao hautokani na ubaya wa watu. Unatokana na fedha hizo kutowekwa.

Kwamba jambo hili linawezekana, Denver yenyewe imetoa ushahidi. Mwezi Julai 2023 meya mpya, Mike Johnston, alitangaza hali ya dharura mara tu alipoingia ofisini. Jiji likachukua hoteli na kujenga vijiji vya vibanda vidogo, na kufikia mwisho wa mwaka watu zaidi ya 1,000 walikuwa wametolewa barabarani. Dawa hiyo ilikuwa na nguvu kuliko bweni, kwa kuwa chumba chenye mlango wa kufunga huweza kumpokea mtu pamoja na mwenzi wake, mnyama wake na mzigo wake. Hata hivyo, hesabu ya usiku mmoja ya Januari 2024 iliwakuta karibu watu 10,000 wasio na makazi katika Denver na kaunti zinazoizunguka, wengine mabwenini, wengine nje kabisa. Kazi imeanzwa, haijamalizwa. Na wakati haijamalizwa, kumwadhibu aliyebaki nje ni kumwadhibu kwa kuchelewa kwa serikali.

Haki haidai hapa jambo la ajabu. Inadai kwamba sheria ya mjini itungwe kwa umbo lile lile la sheria ya mlimani: pasiwe na hapa hapana bila ya pale ruhusa. Bweni linalojengwa kwa fedha za umma lipokee mbwa, kwa kamba ile ile ya futi 6 na kwa masharti yale yale ya usafi. Penye hema pawe na choo na pipa. Na blanketi lifutwe katika orodha ya makosa, kwa sababu taifa linalomwadhibu mtu kwa kujifunika limekwisha kupoteza haki ya kumfundisha mtu yeyote utu.

Wenye kuyadai hayo kwa sauti kubwa wangepaswa kuwa wale walio katika msururu wa Ijumaa. Hao wanajua saruji si majani, lakini wanajua pia baridi ya saa kumi ya usiku inavyopenya turubai, na wanajua joto la mbwa aliyejikunja miguuni. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nao wameionja kidogo, kwa hiari yao, usiku mmoja au miwili. Wao wana kura, nao walikuwa na kura mwezi ule wa Mei 2019. Jumapili jioni, wanaposhuka kutoka mlimani na kuingia mjini, mahema yao yakiwa yamekunjwa vizuri nyuma ya gari, wapunguze mwendo kidogo wanapopita chini ya madaraja. Watamwona huko mtu aliyelala na mbwa wake. Huyo ni mpiga kambi mwenzao ambaye hana Jumapili.